Umerukwa Cheo: Utaingia Nyumbani na Uso Gani?



Mara hii nataka tuzungumze juu ya jioni moja tu. Ni jioni ile ambayo mume au mke anatoka kazini akiwa ameambiwa, au amesoma kwenye ubao wa matangazo, au amenong'onezwa na mwenzake wakati wa chai, kwamba cheo alichokingojea kimepewa mtu mwingine. Anapanda matatu, anashuka stejini, anaukaribia mlango wa nyumba yake. Je, ataingia na uso gani? Na yule aliye ndani, ambaye hajui lolote, ataupokea vipi uso huo?

Katika mafundisho ya ndoa tunayowapa vijana parokiani, sisi makatekista husema sana juu ya ulevi, uzinzi, wakwe na fedha. Juu ya cheo kilichokosekana hatusemi kitu. Lakini ukikaa na watu wenye miaka 15 au 20 katika ndoa, ukawauliza baridi iliingia lini kati yao, mara nyingi watakurudisha kazini. Atakuambia mama mmoja: "Tangu mwaka ule walipomnyima unaibu, Baba watoto hakuwa mtu yule niliyemjua." Hakumtaja mwanamke mwingine wala pombe. Alitaja barua ambayo haikuja.

YALIYONIPATA MIMI

Niseme yangu kwanza, maana mafundisho ya mtu asiyeonja huwasinzisha watu. Kabla ya kuitwa katika kazi hii ya ukatekista nilikuwa karani wa stoo katika kiwanda kimoja. Nilikaa pale miaka 9. Mwaka 2012 msimamizi wa stoo alistaafu, nami nikaambiwa nikaimu nafasi yake. Nilikaimu miezi saba. Nilifungua stoo saa moja asubuhi na kuifunga usiku, nilihesabu magunia hata Jumapili baada ya Misa. Wenzangu walikwisha kuanza kuniita "mkubwa".

Siku ya Ijumaa niliitwa ofisini. Mazungumzo hayakufika dakika tano. Nilishukuriwa kwa kazi njema, nikaambiwa kwamba nafasi imepewa kijana mmoja aliyeingia kiwandani miaka miwili tu nyuma, kisha nikaombwa, kwa upole kabisa, nimfundishe kazi.

Nilipofika nyumbani nilikuta mke wangu amepika chapati. Alijua kwamba jibu lingetoka siku ile. Akaniuliza, "Baba watoto, vipi?" Nikamjibu, "Bado hawajasema." Nikanawa mikono, nikala chapati zile.

Uongo huo uliishi nyumbani kwetu wiki tano. Kila jioni niliuvika nguo mpya. Mara mkubwa amesafiri, mara karatasi ziko makao makuu. Mke wangu alikuwa akisali kila usiku kwa ajili ya jambo ambalo lilikuwa limekwisha kwenda, nami nilikuwa nikiitikia "Amina". Ninapoukumbuka usiku huo naona haya kuliko haya ya kukosa cheo chenyewe.

Alikuja kujua sokoni. Mke wa mfanyakazi mwenzangu alimshika mkono mbele ya mafungu ya nyanya akamwambia, "Poleni sana, mama, kwa yaliyompata mzee." Alirudi nyumbani, akaweka kikapu chini, akaniambia maneno ambayo sijayasahau: "Cheo hakikuniuma. Kilichoniuma ni kwamba nimepewa pole ya msiba wa nyumba yangu mwenyewe, nami sijui ni nani aliyekufa."

Kwa nini nilificha? Kwa muda mrefu nilijidanganya kwamba nilitaka kumkinga asihuzunike. La, nilijikinga mwenyewe. Niliogopa kuuona uso wake ukianguka, kwa sababu mle machoni mwake ndimo nilimokuwa nikijiona mtu mkubwa. Wanaume wengi mnaosoma ukurasa huu mtanielewa. Tumelelewa tukiambiwa kwamba mwanamume ni yule anayeleta, na siku asipoleta hajui aketi wapi katika nyumba yake.

USIKU ULE ULE

Kwa hiyo jambo la kwanza ninalowaomba ni hili: semeni usiku ule ule. Si lazima useme yote, wala kwa ufasaha. Yatosha kusema, "Sikupata. Nimeumia. Sitaki kuzungumza sana leo, lakini nilitaka uijue kutoka kwangu." Maneno hayo hayamalizi uchungu, lakini yanauzuia usizae uongo. Mtakatifu Paulo aliwaandikia Waefeso (sura ya 4, aya ya 26) kwamba hasira isilale nasi mpaka jua lituchwee. Nami naongeza kwamba wengine wetu hatulali na hasira, bali na siri, na siri ni mgeni mbaya zaidi kitandani.

Na wewe unayeambiwa, tafadhali chunga kinywa chako katika saa ile ya kwanza. Nimewahi kukusanya, katika semina zetu za watu wa ndoa, maneno waliyoambiwa waliorukwa. "Nilikuambia hao watu hawakupendi." "Wewe nawe hujui kujipendekeza." "Mume wa fulani mbona alipata?" "Sasa karo itatoka wapi?" Kila mmoja aliyenisimulia aliyakumbuka neno kwa neno, hata kama miaka 10 imepita. Sisemi kwamba maneno hayo ni ya uongo. Pengine karo kweli haijulikani itatoka wapi. Lakini ukimwambia hivyo mtu ambaye ametoka kupigwa, unakuwa umempiga mara ya pili, na pigo hili la pili anapigwa na mkono alioukimbilia.

Ni nini basi kinachosaidia? Mama mmoja alinifundisha kitu chepesi sana. Mumewe alipomweleza kwamba hakupata, alimwambia, "Pole, Baba. Kaa hapa nikutilie chai," kisha akaketi kando yake bila kusema neno mpaka chai ikaisha. Mumewe aliniambia kwamba katika kikombe kile aliona heshima kuliko ile ambayo barua ingempa. Mashauri yalikuja siku ya tatu, naye alikuwa tayari kuyasikia.

Wanaume, msidhani nawaambia wanawake peke yao. Wake zetu nao hurukwa, na mara nyingi hawaambiwi hata pole. Mwanamke anarudi kutoka likizo ya uzazi anakuta aliyemfundisha kazi amekuwa bosi wake. Anamwambia mumewe, naye anajibu huku akitazama mpira kwenye televisheni, "Si bado una mshahara?" Bwana, umekosa. Huyo mke wako alikuwa na ndoto yake pia. Baba Mtakatifu Yohane Paulo II, katika barua yake juu ya kazi ya binadamu, Laborem Exercens, ya mwaka 1981, alifundisha wazi kwamba kazi zipangwe hivi kwamba mwanamke asilazimike kulipia maendeleo yake kwa kuuacha umama wake. Kama Kanisa linasema hivyo, mume Mkatoliki hawezi kulidharau jambo hilo kochini kwake.

YOSEFU BARSABA

Sasa tufungue Kitabu cha Matendo ya Mitume, sura ya 1, kuanzia aya ya 15. Tunaisoma habari hii kila mara tukimtazama Mathia. Someni tena usiku huu, mume na mke, mkimtazama yule mwingine.

Yuda amekufa, nafasi moja ya utume iko wazi. Petro anasimama mbele ya ndugu wapatao 120 na kutaja masharti: awe mtu aliyefuatana nao muda wote, tangu ubatizo wa Yohane mpaka siku ile Bwana alipochukuliwa juu. Wanapatikana wawili. Wa kwanza kutajwa ni Yosefu aitwaye Barsaba, ambaye pia aliitwa Yusto, jina lenye maana ya mwenye haki. Wa pili ni Mathia. Wanasali, wanapiga kura, kura inamwangukia Mathia.

Fikirini juu ya Barsaba. Alikuwa amehitimu. Hakuna aliyesema kwamba ana upungufu. Alikuwa ametembea na Yesu miaka yote sawasawa na mwenzake, katika vumbi lile lile na njaa ile ile. Alitajwa wa kwanza. Na aliachwa mbele ya watu 120, wala si katika ofisi iliyofungwa mlango. Watu wote walimwona.

Maandiko hayasemi alifanya nini jioni ile. Hayasemi kwamba aliondoka, wala kwamba alianzisha kikundi chake. Kitabu hakimtaji tena. Lakini tazameni jambo ambalo wengi hawalitambui: hata Mathia, aliyepata, hatajwi tena kwa jina katika Matendo ya Mitume. Wote wawili wanaingia katika kazi na kufunikwa nayo. Kanisa humkumbuka Mathia tarehe 14 Mei, na Barsaba naye ana siku yake katika orodha ya watakatifu, tarehe 20 Julai. Aliyerukwa naye ni mtakatifu. Kumbe nafasi ile haikuwa ndiyo mlango wa mbinguni.

Nakubali kwamba kuna tofauti. Kura ya mitume ilipigwa baada ya sala, hakuna aliyepewa bahasha. Kwetu sisi mambo si hivyo kila mara.

MSIHARAKISHE KUSEMA NI MPANGO WA MUNGU

Hapa niwakosoe ndugu zangu wa Jumuiya, nami nikiwemo. Mtu akija kwetu na uchungu huu, tunamrukia na neno: "Ni mpango wa Mungu, mshukuru tu." Tunasema hivyo kwa sababu uchungu wake unatuchosha, tunataka uishe upesi tuendelee na rozari. Kama cheo kilipatikana kwa hongo, au kwa kuwa bosi ni wa kabila la fulani, au kwa kuwa mwanamke mmoja alikataa kufanya alilotakiwa kufanya, huo si mpango wa Mungu. Hiyo ni dhambi ya mtu, nayo ina jina. Mungu aweza kutoa jema hata ndani ya ubaya, kama alivyofanya kwa Yosefu mwana wa Yakobo aliyesahauliwa gerezani na mnyweshaji (Mwanzo 40:23), lakini hajapata kuuita ubaya wema.

Ayubu alilalamika sura nyingi, naye Mungu hakumkemea kama alivyowakemea marafiki wake waliokuja na majibu ya haraka. Mwacheni basi mume au mke alalamike mbele ya Mungu. Sali pamoja naye hata kama sala yake siku hizo ina hasira ndani yake.

Lakini pia, ndugu uliyerukwa, uwe mkweli. Si kila anayerukwa ameonewa. Huenda mwenzako alikuwa bora. Mimi mwenyewe ilinichukua karibu mwaka mzima kukubali kwamba yule kijana alijua kutumia kompyuta, nami nilikuwa nikikataa kujifunza, nikisema daftari langu halikosei. Daftari langu kweli halikukosea. Ila kiwanda kilikuwa kimehama kutoka kwenye daftari, na mimi sikuhama. Mke wangu alikuwa ameliona hilo tangu mwanzo. Alingoja niulize, ndipo akaniambia. Namshukuru kwa kungoja.

KUDAI HAKI SI KUKOSA UNYENYEKEVU

Wako wanaofikiri kwamba Mkristo akirukwa ni lazima anyamaze. Sivyo. Kuuliza sababu ni haki yako, na nchi yetu imeiandika.

Tuchukue walimu, maana katika kila kigango hawakosekani. Tangu mwaka 2017 ngazi zao zimehesabiwa kwa herufi na namba, kutoka B5 mpaka D5. Mwongozo wa Tume ya Kuajiri Walimu ulioanza kutumika mwaka 2018 uliweka mahojiano kwa wanaotaka kupanda kwenda baadhi ya ngazi, na nafasi huwa chache kuliko waombaji. Wako waliojisomesha mpaka shahada kwa mkopo wa chama cha ushirika, wakidhani cheti chenyewe kitawapandisha, wakabaki walipo. Mwalimu wa namna hiyo akirudi nyumbani na kuuliza, "Nimekosea wapi?" ajue kwanza kwamba huenda hakukosea popote, ila mlango ni mwembamba.

Lakini kama anaona utaratibu haukufuatwa, Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 47, yasema kwamba uamuzi wa ofisi uwe wa haki na wa kufuata utaratibu, na kwamba mtu ambaye haki yake imeguswa vibaya apewe sababu kwa maandishi. Kifungu cha 232 chataja ushindani wa haki na ustahili kuwa ndio msingi wa kupandisha watu katika utumishi wa umma. Ukiiandikia ofisi ya umma kuomba habari, sheria ya mwaka 2016 yaipa siku 21 za kukujibu. Na walioajiriwa na makampuni wasidhani wameachwa nje. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 yakataza mwajiri kubagua katika kupandisha cheo kwa sababu ya jinsia, mimba, kabila, dini, ulemavu au ugonjwa wa ukimwi. Kuna chama cha wafanyakazi, kuna afisa wa kazi, na mwisho kuna mahakama ya kazi. Ila madai yasikae zaidi ya miaka 3.

Jambo hili mliamue wawili. Nimeona mume akipeleka malalamiko na kuweka wakili bila mke kujua, mpaka ng'ombe alipouzwa. Nimeona pia mke akimsukuma mumewe aende mahakamani kwa sababu yeye ndiye mwenye hasira. Ulizaneni: tuna ushahidi, au tuna tetesi tu? Tutaweza kuishi na kazi hii baada ya kudai? Nani atatushauri asiyekuwa na chuki na bosi huyo? Barua iandikwe juma la pili, si usiku wa kwanza. Barua za usiku wa kwanza huandikwa na jeraha. Na ile barua ya kuacha kazi iliyoandikwa kwa hasira, mke, ifiche kama unavyoficha panga mbele ya mlevi. Wahenga walituonya tusiache mbachao kwa msala upitao.

PESA AMBAZO HAZIKUJA

Sehemu hii nitaipitia upesi ingawa ndiyo inayovunja nyumba nyingi. Watu hutumia mshahara wa cheo kabla ya cheo. Mimi nilichukua mkopo wa shilingi 150,000 kwenye ushirika na kuanza msingi wa nyumba, nikihesabu nyongeza ambayo hakuna aliyeniahidi kwa maandishi. Msingi ule ulikaa na majani miaka mitatu. Kaeni pamoja juma lile lile na karatasi ya mshahara mezani. Andikeni yaliyokuwa yamepangwa kwa pesa zile, kisha mfute pamoja, mume akifuta moja na mke akifuta moja. Watoto wakubwa waelezwe kwa ukweli: "Tulitazamia jambo fulani kazini, halikuwa, kwa hiyo shule ya bweni tutangoja." Mtoto huvumilia umaskini unaoelezwa. Hushindwa na ule unaofokewa.

MKUKI WA SAULI

Someni tena Kitabu cha Kwanza cha Samweli, sura ya 18. Sauli alisikia wanawake wakimsifu Daudi kuliko yeye, na tangu siku ile akamtazama Daudi kwa jicho baya. Daudi akimpigia muziki nyumbani, Sauli akamrushia mkuki. Hayo tunayajua. Lakini fikeni sura ya 20, aya ya 33. Hapo mkuki ule ule Sauli anamrushia Yonathani, mwanawe wa kumzaa.

Ndivyo uchungu wa cheo unavyotembea. Unaanza na aliyekupita kazini, na kwa kuwa huyo huwezi kumgusa, unatua juu ya walio karibu. Mtoto amemwaga maziwa, anachapwa kipigo ambacho hakikuwa chake. Mke amechelewa kuweka chakula, anaambiwa maneno ambayo yalipaswa kuambiwa meneja. Mama aliyerukwa ananuna wiki nzima, watoto wanatembea kwa vidole kama nyumba yenye mgonjwa. Wewe unayesoma haya, kama umepata kuurusha mkuki huo, nenda ukaombe msamaha, hata kwa mtoto wa miaka 6. Mwambie, "Baba alikuwa amekasirika kwa jambo la kazini. Wewe hukukosa." Kisha uende kwenye Kitubio. Usingoje Kwaresima.

Na kama mkono umekwisha kuwa mzito, kama anakunywa kila jioni, au halali, hali, anasema maisha hayana maana, hapo pole ya chai haitoshi. Mpelekeni hospitali, mwambieni Paroko, msimwache peke yake. Si jambo la kuonea haya.

ALIYEKUPITA NI WA JUMUIYA YAKO

Neno gumu zaidi nimeliweka karibu na mwisho. Vijiji vyetu na mitaa yetu ni midogo. Mara nyingi aliyepata cheo chako anaishi nyumba ya tatu, mke wake anaimba kwaya na mke wako, na Jumapili, Padre anapotualika kutakiana amani, yuko benchi la mbele yako anageuka.

Utafanyaje? Wengine huanza kwenda Misa ya kwanza ili wasikutane. Wengine husalimia kwa ncha za vidole. Sikuambii ujilazimishe kufurahi, moyo hauamrishwi hivyo. Lakini mkono waamrishika. Mpe mkono wote. Baba Mtakatifu Fransisko, katika waraka wa Amoris Laetitia wa mwaka 2016, kifungu cha 95, alieleza kwamba wivu ni kusikitikia jema la mwingine. Dawa yake haianzi na hisia, yaanza na tendo dogo. Mimi nilimfundisha yule kijana kazi ya stoo. Wiki za kwanza nilimficha mambo mawili matatu makusudi, nakiri, ili akwame aje kwangu. Alikwama kweli, akaja, nami nikaona uso wake ulivyokuwa na hofu. Alikuwa na mke na mtoto mchanga, na alikuwa akiogopa kufukuzwa. Siku ile nikamfundisha yote. Leo ni msimamizi wa ubatizo wa kitinda mimba wangu.

Nanyi wenye ndoa, chungeni mazungumzo yenu ya mezani juu ya mtu huyo. Mume na mke wanaweza kupatana kabisa katika kumchukia jirani, wakadhani huo ni umoja wa ndoa. Watoto wanasikia, na kesho watampiga mtoto wake shuleni.

Iko hali nyingine ambayo siku hizi naiona zaidi: mke amepandishwa na mume ameachwa, pengine mwaka ule ule. Mama, usiifiche barua yako njema kama kitu cha wizi. Mwonyeshe yeye kwanza, kabla ya ndugu zako na kabla ya kikundi cha kina mama. Na wewe Baba, mshahara ukiingia kwa mkono wake umeingia katika nyumba yenu. Siku ile mbele ya altare mliahidiana raha na taabu. Hamkuandika ni nani ataleta raha na ni nani ataleta taabu.

YA KUZUNGUMZA WAWILI

Chagueni jioni moja juma hili, watoto wakishalala, redio na simu zikiwa zimezimwa. Someni pamoja Matendo ya Mitume 1:15-26, polepole. Kisha mume aanze kujibu, mke asimkatize. Baadaye mke ajibu, naye asikatizwe.

Je, kuna jambo la kazini ambalo sijapata kukuambia? Ni nini nilichoogopa?

Nilipokosa nilichokitafuta, ni neno gani uliloniambia lililonisaidia? Ni neno gani ambalo bado linaniuma?

Ni nani ninayemsalimia kwa ncha za vidole?

Wenye kukaimu nafasi kazini hivi sasa, mkingoja jibu, ongezeni swali moja: jibu likiwa "la", ungependa nikupokee vipi siku hiyo mlangoni? Mke wangu aliniuliza hivyo baadaye, nilipoomba nafasi nyingine mahali pengine. Nilimwambia apike chapati vilevile.